Beringi Haifi Bure

Kambini, nje ya Kárášjohka
18 Januari 1981

Mjomba Heaika,

Shikamoo. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imetukalia kooni. Mama anakusalimu. Anasema nyama yako ameshaikausha lakini haitumi mpaka kaka yake aandike barua inayozidi mistari mitano. Baba naye hajambo, ila siku hizi analalamika kwamba theluji ya mwaka huu imezidi weupe. Nimemwambia malalamiko hayo ayapeleke juu, si mimi ninayeimwaga.

Haya, ninalotaka kusema ni hili. Mashine yetu ya theluji, ile nyekundu uliyotuachia, inalia. Inalia kama mbwa aliyebanwa mkia na mlango. Nimefungua kasha la cheni, oili yote nikaikinga kwa sufuria ya mama (usimwambie), nikakuta beringi ya chini imesagika. Ni ile inayobeba shafti ya kuzungusha mkanda. Gololi zilikuwa zimelala chini ya kasha kama meno ya mzee. Beringi mpya nimepata kwa mwenye duka, lakini kuipachika sijui. Wewe ulikuwa unatufukuza tukikukaribia na mikono michafu, sasa matunda yake ndiyo haya.

Unajua majike wa kulungu wetu hawangoji mtu. Aprili ikielekea mwisho watataka kwenda pwani kuzaa, na lazima tuwe tumeshavuka mto kabla barafu haijaoza. Bila mashine tutafuata nyuma ya binamu Ánte, na Ánte akitangulia huwa anaangalia kama watu wanamwona, haangalii anakokwenda. Kundi litaingia majini lote.

Ulisema utakuja Krismasi. Krismasi gani, mjomba? Njoo. Ukishindwa, andika, tena upesi. Simu ya dukani usipige. Pale ukikohoa tu, mji mzima unajua una mafua.

Mpwa wako,
Ravdna

*

Trondheim
2 Februari 1981

Ravdna mwenye haraka zake,

Marahaba. Mwambie dada yangu barua hii ina mistari zaidi ya mitano, ahesabu mwenyewe, nyama ije. Huku mvua inanyesha, unasikia? Mvua, Februari! Watu wanatembea na miavuli kama mabwege. Kazi ya kiwandani iko vilevile, mashine za meli, kelele tupu. Msalimie baba yako, shemeji yangu Sámmol, umwambie bado ananidai mchezo wa karata, nami sina nia ya kumlipa.

Sasa sikiliza, na usirukeruke kama kawaida yako. Beringi haiingii kwa hasira. Kwanza safisha mahali inapokaa mpaka kidole kisikwaruze kitu. Kisha beringi iache nje usiku, isinyae. Kasha lenyewe lipashe moto, litanuke. Litie kwenye maji ya moto, au liweke karibu na jiko. Ukilitemea mate yakarukaruka, umezidisha, subiri. Hapo beringi itaingia yenyewe kama mguu kwenye kiatu kilichozoea mguu. Ikigoma kidogo, chukua ile iliyokufa, iweke juu yake, ugonge taratibu, na ugonge duara la nje tu. La nje, Ravdna! Ukigonga la ndani, pigo linapita kwenye gololi, zinachimba vishimo, na hapo umeiua kabla haijazaliwa. Upande ulio wazi uangalie oili. Sili, ile raba ya kuzuia oili isivuje, mdomo wake uelekee oili pia. Pete ya kuizuia beringi ukiisikia inalia ‘ta!’ ndani ya mfereji wake, umemaliza.

Ila nina swali. Beringi ile niliiweka mimi, mpya, mwaka juzi. Beringi haifi bure. Mlipita nayo wapi?

Kuhusu kuja, tutaona Pasaka.

Mjomba wako,
Heaika

*

Kambini
24 Februari 1981

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama amehesabu mistari na amekubali. Nyama iko njiani. Binti wa jirani ataolewa Pasaka, kwa hiyo mji mzima unashona na hakuna anayepika. Mbwa wetu mkubwa amezaa, watoto wazuri, mmoja ana sura yako.

Nimefanya kila ulichosema. Kila kitu! Beringi imelala nje kwenye sleji usiku kucha, baridi ile ya kugandisha pumzi puani. Kasha nimelipasha jikoni. Nikaileta beringi ndani, ikaingia taratibu kweli, nikacheka peke yangu. Siku chache mashine ikawa kimya kabisa. Halafu ikaanza tena kulia. Nimefungua: oili imekuwa ya kijivu kama maziwa yaliyomwagikiwa majivu, na beringi ina kutu. Kutu, kitu kipya! Mwenye duka kaniuzia kitu gani? Au ni wewe uliyenificha jambo, ili mpwa asijue zaidi ya mjomba?

Nimechoka, nakwambia ukweli. Ánte alipita hapa jana akanikuta nimepakaa oili mpaka masikioni. Akasema, “Dada, mashine ikikuona inaanza kuomba msamaha.” Wote wakacheka. Familia zote tatu zinazochunga pamoja zimeshaamua kwamba mimi sijui kuendesha. Usiniulize kwa nini.

Baba anasema bado ni yeye atakayetangulia, kama miaka yote. Mimi nasema mwaka huu nitangulie mimi. Leo asubuhi kamwaga kahawa pembeni ya kikombe, akasema mkono umemteleza.

Nitumie beringi nzuri kutoka huko. Upesi.

Ravdna

*

Trondheim
6 Machi 1981

Ravdna,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Samahani, najua kwako si kichekesho.

Mwenye duka msamehe, na mimi unisamehe. Mtu wa huku nisingehitaji kumwambia, kwa sababu huku hakuna baridi ya maana. Nawe ulifanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye anaweza kulifanya. Beringi imelala kwenye baridi ya kwetu, wewe unaiingiza kwenye kibanda ambamo mama yako ana sufuria inachemka. Ilifanya nini ilipoingia mlangoni? Ikavaa sakitu, si ndiyo? Ikawa nyeupe kama ndevu za baba yako akitoka machungani. Wewe ukaona vizuri, imepoa kwelikweli, ukaigonga ndani pamoja na sakitu yake. Sakitu ikayeyuka, maji yakakosa njia ya kutoka. Hiyo ndiyo kutu yako, na hayo ndiyo maziwa yako.

Safari hii beringi isiingie ndani kabisa. Libebe kasha likiwa la moto, ulifunge kwa ngozi lisipoe, utoke nalo nje, beringi uipachike hukohuko kwenye theluji. Uwe mwepesi. Wewe wepesi unao, tatizo ni kwamba huna kingine.

Natuma beringi nzuri na sili yake. Ikifa na hii, nitumie maiti. Nataka kuiona kwa macho yangu.

Na swali langu hujalijibu. Unaandika kurasa mbili, unanieleza mpaka mbwa amezaa nini, lakini nikiuliza mashine ilipita wapi, kalamu yako inakauka.

Pasaka kuna kazi nyingi huku. Tutaona.

Heaika

*

Kambini
21 Machi 1981

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Mama anauliza mbona barua zako zina harufu ya sabuni.

Nami nina la kuuliza. Beringi uliituma imefungwa ndani ya soksi. Soksi ya mtoto, ya bluu, kisigino kimeshonwa kwa uangalifu sana. Soksi ile ya nani?

Nimeipachika nje. Nililibeba kasha ndani ya ngozi kama mtoto mchanga, nikapiga magoti kwenye theluji, ikaingia hata sikuigusa kwa nyundo. Sikuiona sakitu hata chembe. Nilifurahi, mjomba, nilifurahi sana. Nilikwenda nayo mpaka kwenye malisho ya mbali na kurudi, haikusema neno.

Leo imeanza tena. Hii hapa maiti yake.

Sina la kuongeza. Muda unakwisha, jua limeanza kulamba theluji mchana, majike wameshaanza kusimama wakielekeza pua kaskazini. Lazima nitangulie mimi, siwezi kukwambia kwa nini. Baba akitangulia na mashine ile juu ya mto... Niambie tu cha kufanya. Usiniulize sana.

Ravdna

*

Trondheim
2 Aprili 1981

Ravdna mpwa wangu,

Salamu kwa wote, leo nitakuwa mfupi wa salamu.

Nimeiosha maiti yako kwa mafuta ya taa, nikaipasua, nikaikalisha chini ya taa kiwandani. Haina kutu. Haina vishimo vya nyundo hata kimoja. Umeipachika vizuri kuliko ninavyopachika mimi, na nimewaonyesha wenzangu hapa, nikawaambia hii ni kazi ya mpwa wangu, aliifanya amepiga magoti kwenye theluji. Hawakuamini.

Lakini njia ya gololi kwenye duara la nje imekwenda kombo. Upande mmoja imepanda, upande wa pili imeshuka. Maana yake ni moja tu: shafti na kasha havikukaa sawa, vinabishana. Na vitu vile havijipindi vyenyewe. Bodi ya mashine imepinda, Ravdna. Mashine ilianguka, tena vibaya, ikatua kwa ubavu wa kushoto. Ungeweka beringi mpya kila wiki mpaka mwisho wa dunia, na kila wiki ungeizika.

Nani alikuwa juu yake?

Nilikuwa nataka kukwambia sikufundishi tena mpaka uniambie ukweli. Nikakumbuka mto, nikaona huo utakuwa upumbavu. Basi fanya hivi. Ondoa mkanda na shafti. Vuta kamba kutoka ubavu mmoja wa bodi hadi mwingine, utaona mwenyewe palipoingia ndani. Weka kipande cha mti mgumu, weka jeki, sukuma kidogo, acha, pima, sukuma tena. Ukirudisha kasha, bolti zake ziache legelege. Zungusha shafti kwa mkono mara nyingi, ijitafutie mahali pake. Ndipo ukaze, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, kwa kupishana. Kola ya kufunga shafti upande wa kulia iwe ya mwisho kabisa kukazwa. Ukianza na kola, umeivuta shafti kwa nguvu na itabaki na kinyongo.

Natuma beringi nyingine, ya mwisho. Dukani hapa wameisha.

Sasa langu, kwa kuwa umeuliza. Soksi ni ya Torgeir, ana miaka sita. Mama yake anaitwa Gudrun, na yule jirani aliyegonga ukuta nilipocheka ndiye yeye, ila hakuna ukuta. Nimekuwa nikisema Krismasi, nikasema Pasaka, kwa sababu sikujua jinsi ya kuliandika hili. Sirudi, Ravdna. Nitakuja kutembea, kurudi kukaa sirudi. Nilipokuwa huko kila majira ya kuchipua nilikuwa mtu wa kutengeneza mashine za wengine wakahama, mimi nikabaki na spana mkononi nikitazama migongo yao. Sina kulungu, sina alama yangu kwenye sikio la mnyama yeyote, huo ndio ukweli. Huku kuna mtoto anayenisubiri mlangoni. Fundi wa huko sasa ni wewe, usimngoje mwingine.

Nikasirikie ukitaka. Lakini nijibu.

Mjomba wako,
Heaika

*

Trondheim
27 Aprili 1981

Ravdna,

Hujanijibu. Najua wiki hizi hakuna wa kupeleka barua, nyote mko mbioni, lakini silali vizuri. Nilipiga simu dukani, potelea mbali wanaosikia. Yule mama mwenye duka akaniambia siida yenu, familia zote tatu na kulungu wao, imeshaondoka na hajui nani alitangulia. Nikamuuliza barafu ikoje, akasema, “Nyeusi.” Nikakata simu.

Ni Sámmol aliyeanguka, sivyo? Nimefikiri sana. Kahawa pembeni ya kikombe. Theluji iliyozidi weupe. Kama haoni, mnyang’anye ufunguo, utupe hata chooni.

Andika hata mstari mmoja.

Heaika

*

Porsáŋgu, pwani
12 Mei 1981

Mjomba,

Shikamoo. Tumefika. Nianze na hilo, upumue. Majike wanazaa kila kukicha, na mama amechoma mkate wa kwanza juu ya moto wa nje. Anasema mlete huyo Gudrun na mtoto wake majira ya joto awaone, kisha ndipo ataamua kama amekasirika. Mimi nimeshaamua. Nilikasirika kwa siku nzima, nikatupa soksi nje, nikaenda kuiokota. Tunaituma na barua hii, imefuliwa.

Sasa nitakwambia yote.

Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, jua halijarudi tangu Novemba, ule mwanga wa bluu wa mchana. Baba alikuwa mbele na mashine, mimi nyuma yake kwa skii. Alikwenda moja kwa moja kwenye genge la kijito, genge analolijua tangu hajaota ndevu, akatumbukia kama mtu anayeingia kwake. Hakuvunjika. Nilimtoa chini ya mashine, nikambeba mgongoni mpaka kambini. Njiani akasema, “Watu wasijue.” Basi nikawaambia watu ni mimi niliyekuwa naendesha. Ndiyo maana Ánte alikuwa anapata cha kucheka majira yote ya baridi, na ndiyo maana sikuweza kukujibu. Nilikuwa nimeahidi. Kila beringi iliyokufa ilikuwa inanisengenya, na mimi ninakuandikia habari za mbwa.

Ulivyosema kuhusu kamba ilikuwa kweli. Ubavu wa kushoto uliingia ndani upana wa kidole. Nilisukuma kwa jeki siku mbili. Baba alikuja akasimama pale, akapapasa bodi kwa kiganja, polepole, juu mpaka chini, akasema, “Bado hapa.” Nikasukuma hapo. Kola nilikaza mwisho kabisa. Nilipowasha, mjomba, nilisikia mkanda unakanyaga theluji, basi, kingine sikusikia.

Asubuhi ya kuondoka familia zote zilikusanyika, vikombe mkononi, mbwa wamechanganyikiwa, kulungu kiongozi amefungwa kamba tayari. Baba akaenda kuipanda mashine. Mimi nikasimama mbele yake, sikusogea. Ánte akaona nafasi. Akasema, “Mzee Sámmol amechoka, na huyu sote tunajua alikoipeleka mashine Januari. Acheni nitangulie mimi.” Watu wakaanza kutikisa vichwa kumkubalia. Nilitaka kumrukia. Lakini neno la kumjibu lilikuwa la baba kulisema.

Baba akavua kofia. Akasema, si kwa sauti kubwa, “Niliyeiangusha ni mimi.”

Ánte akacheka kidogo, akadhani ni utani.

“Sikuliona genge,” baba akasema. “Hata sura yako hapo ulipo siioni, Ánte, naisikia tu kelele yako. Binti yangu alinibeba mgongoni, kisha akaubeba na uongo wangu, na nyinyi mkamcheka, na mimi nikakaa nakunywa kahawa. Mashine aliyeitengeneza ni yeye. Ufunguo ni wake.”

Akaniwekea mkononi. Ulikuwa na joto la mfuko wake. Kisha akaenda akipapasa mpaka kwenye sleji iliyofungwa nyuma yangu, akakaa, akajifunika ngozi. Mama alikuwa anavuta kamasi kwa kelele na kusema ni moshi. Ánte alienda kukagua mizigo yake ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Mto ulikuwa mbaya. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu, na barafu chini yake ilikuwa ya rangi ile aliyokutajia mwenye duka. Katikati niliisikia inanung’unika, nikalegeza mkono, nikataka kusimama niangalie. Baba akapiga kelele kutoka nyuma, “Usisimame! Nenda, mwanangu, nenda hivyohivyo!” Nikaenda. Ingelikufa pale mashine ile, tungekufa nayo, na kulungu wote wangetufuata ndani. Nilikuwa naongea nayo peke yangu, namwomba Mungu na kukutukana wewe kwa zamu.

Tulipopanda ng’ambo nilizima mashine. Kundi likaanza kupanda ukingo mmoja mmoja, kama wafanyavyo kila mwaka, na hapo ndipo baba huwa anasimama na kuhesabu kimyakimya. Unajua kwetu hakuna anayeuliza kulungu wa mtu ni wangapi, hata mtoto hamuulizi baba yake. Mimi bintiye sijawahi kuisikia hesabu ile ikitoka kinywani mwake. Alikuwa amesimama kando yangu ameelekeza uso kwenye mlio wa kwato, machozi yanamchuruzika, sijui ni upepo. Nikaanza kuhesabu. Alipopita wa mwisho, baba akanishika mkono wa koti.

Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, “Ni wangapi?”

Nikainama sikioni kwake, nikamwambia.

Ravdna